Sahani Iliyoningoja

Sijasahau, mwanangu, siku niliyokataa chakula nikiwa na njaa. Imenirudia tangu uliponitumia ule ujumbe wa sauti kutoka huko Bremen, Ujerumani: "Anti, usijali, niko sawa tu. Chuo kimefungwa, nitakaa hosteli nipumzike. Si ni wiki tatu tu?" Niliusikiliza Jumatano nikiwa kazini hapa Doha, kwenye duka la dawa mtaani Al Sadd, mpaka mteja akagonga kaunta. Nikausikiliza tena Ijumaa, siku ambayo huku ndiyo tunakwenda kanisani, tulipotoka ibadani Mesaimeer. Leo nimeanza kukunja nguo nikaziacha, nimebandika chai ikafurika jikoni, na sasa nimekaa kukuandikia, maana sitatulia mpaka niseme.

Hiyo "niko sawa" yako naijua. Niliisema mimi kabla wewe hujazaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasomea ufamasia Lublin, kule Poland, na lugha yao nilikuwa bado naiokoteza. Krismasi ilipokaribia, hosteli ilianza kuhama. Kila nikifungua mlango nakuta mtu anaburuta sanduku. Ania, msichana niliyekaa naye dawati moja, alikuwa mwenyeji wa mji uleule, akiishi na nyanya yake. Alikuja chumbani kwangu akasema huku akijifunga skafu, "Jioni ya tarehe ishirini na nne njoo tule kwetu. Nyanya amesema uje."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Lakini unajua tulivyolelewa kwetu Taita. Ukikaribishwa chakula unasema asante, nimeshiba, hata kama tumbo linalia. Mwenye nyumba anakushika mkono, anakugombeza kidogo, anakuambia hapa hatoki mtu bila kula, ndipo unakaa. Ukikubali upesi, mama yako atasemwa. Basi nikajibu kama binti aliyelelewa vizuri, "Asante sana, lakini msijisumbue. Niko sawa."

Ania akanitazama. "Haya, kama unataka kupumzika," akasema, akanibusu shavuni, akateremka ngazi. Mimi nilibaki nimesimama pale pale nikingoja arudi anishike mkono. Nikasikia mlango wa chini ukifungwa.

Usinicheke, Wakesho. Au cheka kidogo, halafu uendelee kusoma.

Tarehe ishirini na nne maduka yalifungwa mapema, nami sikuwa nimejua. Nilikuwa na mkate nusu, mayai mawili na majani ya chai kutoka nyumbani. Kule mwezi wa Desemba saa tisa alasiri jua linaanza kuaga. Nilivaa koti nikalivua. Nilifagia chumba kilichokuwa safi. Nilihesabu milango ya ghorofa yetu, yote ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Mwishowe nikavaa koti tena na kutoka, nikijidanganya kwamba nanyoosha miguu, na miguu ikanipeleka moja kwa moja mpaka mtaa wa kina Ania. Nikasimama kwenye kituo cha basi upande wa pili wa barabara. Dirishani kwao ghorofani, ambako Ania aliwahi kunionyesha tukipita, kulikuwa na taa, na vivuli vya watu vikipita na mabakuli. Niliwaza, nikipanda ngazi zao sasa nitasema nini? Kwamba njaa imeniuma nikasahau adabu? Mara mtu akaja dirishani, akafuta ukungu wa kioo kwa kiganja, akachungulia barabarani. Nikajificha nyuma ya ubao wa kituo. Akaondoka, akarudi, akachungulia tena. Nikageuka nikaenda zangu.

Nilikula mayai yote mawili nikiwa nimesimama. Kisha, Mungu anisamehe, niliwaandikia nyumbani kwamba nilialikwa karamu, kwamba tulikula samaki na watu walikuwa wengi. Nyanya yako aliisoma barua ile mbele ya kina mama wa kanisa, wakampigia vigelegele. Sikuwahi kumwambia ukweli, na hilo bado linaniuma.

Chuo kilipofunguliwa, Ania alinishika mkono, safari hii kweli, akanipeleka kwao. Nyanya yake alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru. Alinionyesha kiti. "Hicho ndicho chako," akasema. Akanieleza kwamba kwao, jioni ile ya mkesha wa Krismasi, huwekwa sahani moja zaidi kwa ajili ya mgeni anayeweza kubisha hodi. "Miaka yote huwa hatumjui mgeni ni nani. Mwaka huu nilimjua. Sahani yako ilikaa hapa mpaka tukaondoa vyombo. Nilikwenda dirishani mpaka magoti yakaniuma."

Nikamtazama mikono. Kumbe ni yeye niliyemkimbia.

Nilimweleza yote, kituo cha basi na adabu ya kwetu, nikilia kwa Kipolandi kibovu. Hakunihurumia hata kidogo. Alimgeukia Ania, "Wewe hujui kualika," kisha akanigeukia mimi, "na wewe hujui kualikwa." Akajaza bakuli supu nyekundu ya bitiruti, akaliweka mbele yangu bila kuniuliza kama nimeshiba. Nililamba mpaka chini.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkorofi wa meza. Muulize Nalubega, Mganda anayefanya kazi hotelini. Ijumaa yake ya kwanza hapa kwangu, mtaani Fereej Bin Mahmoud, alisema, "Nimekula, mama." Nikamwambia, "Kula tena." Alimaliza sahani mbili za pilau, na siku hizi anakuja na kontena la kufungia chakula.

Sasa nisikilize, mwanangu. Adabu tuliyokufundisha ni nzuri, lakini inahitaji watu wawili wanaoijua. Huko uliko, mtu akikualika, sema ndiyo papo hapo. Ukiwa umekataa na moyo unataka, rudi ubishe hodi. Aibu ya mlangoni inaisha ukishakaa. Na usitudanganye sisi wa nyumbani kwamba uko sawa ili tulale vizuri, maana mimi silali.

Jumanne nilikuuliza kama utakuja Doha likizo hii, ukasema, "Asante, anti, usijisumbue." Nikasema haya, nikakata simu. Mimi, baada ya yote yale! Nimejilaumu wiki nzima. Huku Krismasi ni siku ya kazi, nitakuwa dukani mpaka saa kumi na moja jioni, lakini Nalubega na wenzake watakuja baadaye. Kibali chako cha kuingia nimeshakiulizia, kinapatikana.

Basi nakuuliza mara ya pili, mkono wako nimeushika: njoo. Mungu akulinde njiani, akupe meza kila mji utakaofika na watu wa kukungoja mezani, na autoe ulimini mwako woga wa kusema ndiyo. Sahani yako nimeshaitoa kabatini. Usiniache nikae dirishani, Wakesho, magoti yangu nayo yameanza kuuma.