Picha Zilizopandana

Mama mudogo, mdogo wa mama yangu mzazi, alitoka Muheto akafika kambini Kirotshe na watoto wake wote isipokuwa kitindamimba. Huyo alimponyoka mkononi barabarani, watu walipokuwa wakikimbia risasi. Tangu siku hiyo hakuwa na neno lingine mdomoni.

Parokia ilikuwa na ukurasa mtandaoni wa picha za watoto waliookotwa. Kila asubuhi aliufungua kwa telefone yake kuukuu, na kila asubuhi aliona picha moja tu, ya msichana mwenye sweta nyekundu. Picha nyingine zote zilikuwa zimelala chini yake, kingo tu zikichungulia.

"Wangu iko mule chini," akaniambia. "Wewe njo ulisoma informatike. Umutoshe, atoke mule."

Nikafungua kazi ya mwenzangu aliyeutengeneza ule ukurasa. Weee! Hasira zilinipanda. Alikuwa ameujaribu kwa telefone yake mpya, basi, akaenda zake kulala. Kila picha ilisogezwa mahali pake kwa amri moja, na vivinjari vya zamani, zile programu za kufungulia kurasa, havielewi amri hiyo mpaka iwekewe mbele kiambishi vinachokijua, herufi chache tu. Kuna programu inayobandika viambishi hivyo yenyewe wakati wa kujenga tovuti. Wewe unaiambia tu vivinjari gani visiachwe nje. Yeye alikuwa ametaja vipya tu. Nani kambini alikuwa na telefone mpya, jamani?

Nikaongeza vya zamani, nikajenga upya, nikasubiri rezo ya simu irudi ndipo nikaupandisha. Nilifurahi, sifichi. Nilimwita mama mudogo kwa kelele kama mtu ambaye timu yake imefunga bao.

Akaufungua. Picha zikajipanga, kila mtoto na nafasi yake. Akashusha kidole polepole mpaka mwisho, akarudi juu, akashuka tena. Mtoto wa jirani yake mmoja kambini, aliyekimbia kutoka Kingi, alikuwepo. Wake hakuwepo.

"Labda wataongeza zingine, Mama," nikasema. Alifuta kioo kwa kitenge chake, akaangalia mara nyingine. Nilitamani alie. Mwishowe akaninyooshea telefone bila kunitazama usoni.

"Mutoto wangu," akasema, "urudishe picha vile ilikuwaka, moja juu ya ingine."