Hamisi Alivyonipandisha Wanale

Mimi ni Mama Zainabu, muuza viungo wa Nateete, hapa Kampala. Nawasalimu nyote, hasa nyinyi mnaokohoa huku mkijitetea.

Dukani kwangu kila anayeingia hukohoa, maana mashine ya kusaga pilipili iko mlangoni. Nilipoanza kukohoa mimi, nani angeshtuka? Hata mume wangu Hamisi alilaumu pilipili. Nikajifunga leso puani, nikaendelea kupima binzari. Jasho la usiku likalowesha shuka. Nikakonda mpaka gauni langu la gomesi likanipwaya, nami nikafurahi, nikidhani nimerudi usichana.

Tuna desturi yetu: kila baada ya Idi tunakwenda Mbale kupanda mlima Wanale kwa njia ya msituni. Mwaka ule sikufika mbali. Nilishika mti, nikakohoa, nikatema damu.

Tuliporudi Kampala, daktari alipima makohozi. Akasema, "Mama, hii si pilipili. Ni kifua kikuu. Kinapona, lakini dawa ni miezi sita, usiruke hata siku moja."

Vidonge vilinitia kichefuchefu, mkojo ukawa mwekundu. Hamisi, aliyepimwa akakutwa salama, alisimama mbele yangu kila asubuhi mpaka nimeze, kisha akaniamuru nifungue kinywa kama mtoto. Siku nyingine nilimchukia kabisa, mume wangu yule mpenzi.

Nilipomaliza dawa, daktari aliniruhusu kupanda mlima tena, polepole. Niliogopa. Nilitaka kujua kama kifua hiki bado ni changu, au nitaishi nikihema kwenye kiti.

Hamisi alibeba mizigo yote, akanitania njia nzima. Mara natembea kama bibi harusi, mara nyani wananicheka. Nami nilimjibu kila neno, juu ya mizizi na matope, nikipumzika, nikiinuka. Tukatoka msituni, tukafika kileleni, Mbale yote chini yetu. Nikageuka nimwoneshe, nikamkuta analia.

"Mke wangu," alisema, "ulifikiri nataka kucheka? Nilitaka ujibu tu, nisikie pumzi kama bado iko."

Tukalia wote. Alhamdulillahi, na Mungu awalipe walionitibu.

Ndugu zangu, kikohozi kikipita wiki mbili, usitafute cha kulaumu, nenda kapimwe. Dawa ukianza, maliza, hata ukijiona mzima. Na mtu wako akikuchokoza ukiwa mgonjwa, mjibu. Pengine anakusikiliza.