Sariba wa Marani, Saliba wa Malta

Alhamisi iliyopita, katika soko la Marani, niliitwa na mtu asiyenijua. Nilikuwa nimeinamia mikungu ya ndizi, namenya moja kwa ukucha nione kama imekomaa, mwenye ndizi akapaza sauti: "Saliba! Leta hilo gunia!" Nikaitika. Nikaanza hata kulitafuta gunia kwa macho. Ndipo kasichana kakatokea nyuma ya kibanda, gunia kichwani, na yule mama akaniangalia akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, si wewe nimeita. Kwani na wewe ni Saliba?"

"Mimi ni Sariba."

"Basi si ni hiyo hiyo?"

Sasa hapo ndipo kwenye shida yangu, rafiki yangu: kama ni hiyo hiyo. Ndicho kilichonitoa Suneka nilikoolewa kikanirudisha Marani nilikozaliwa, na ndizi zilikuwa kisingizio tu.

Nikueleze. Binti yangu anakaa Kisii mjini na mumewe, na majuzi amejifungua mtoto wao wa pili wa kike. Wa kwanza alipewa jina la upande wa baba. Huyu zamu ikaja kwetu, na wao wawili wakataka aitwe jina langu. Mama mkwe wa binti yangu ni Msabato wa Nyamira, mtu wa heshima zake. Hakukataa, nisimsingizie. Aliuliza tu.

"Mkwe," aliniambia, "mimi najua Kemunto, najua Moraa, najua Kwamboka. Sasa hiyo yako imetoka wapi? Inasikika ni kama ya Waislamu. Na huyo aliyekuwa nayo kwanza, alikuwa mtu wa namna gani? Nikija kumwona mtoto Jumapili unieleze."

Alisema akitabasamu, lakini sote tulielewa. Kwetu jina halipewi mtoto kwa sababu ni tamu mdomoni. Ni lazima liwe na mwenyewe, na mwenyewe awe aliishi vizuri. Mkwe asiporidhika, mtoto ataitwa Kemunto kama wengine, na jina langu litaishia kwangu. Nami niliishia darasa la nane. Kuandika naandika, lakini kueleza asili ya jina nani alinifundisha?

Nikamuuliza yule mama wa ndizi, la mtoto wake limetoka wapi.

"Ni ya dada ya bwanangu, marehemu. Wao ni watu wa Kenyenya. Lakini sisi tunajua ni jina ya Wajaluo, kwa sababu ya hiyo L."

Nilicheka peke yangu. Kule Suneka kuna mama kutoka upande wa ziwa anayetuuzia samaki, na yeye huniambia jina langu ni la Kikisii kabisa, eti linajulikana kwa hiyo R. Mkwe anasema ni la Waislamu. Kila mmoja anamsukumia jirani yake.

Nitasema ninayoyakumbuka. Mengine niliambiwa, na nitajaribu kukuonyesha lipi ni lipi, ingawa baada ya miaka mingi vitu hivyo huingiliana kama maziwa na chai.

Nililelewa na nyanya yangu, tuliyemwita magokoro, kwenye kilima juu ya soko. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na mabati yake yalikuwa na kutu. Asubuhi kulikuwa na kusaga wimbi, sauti ya jiwe juu ya jiwe ambayo nikiisikia hata leo naona njaa. Kisha kuchuma chinsaga, ile mboga chungu, na kuichambua jani kwa jani huku vidole vikigeuka kijani. Magokoro aliichemsha kwa saa nyingi, akamwaga maji machungu, akaitia maziwa. Mchana wingu lilipanda kutoka upande wa ziwa, na tukajua kuanua nguo na wimbi kabla mvua haijatukuta. Kuna siku ilikuja ya mawe, na juu ya yale mabati usingesikia mtu akikupigia kelele sikioni.

Kwenye zahanati ya misheni, ng'ambo ya kilima, kulikuwa na nesi mzungu. Hakuwa sista wa kanisa, alikuwa nesi tu, mfupi, nywele nyeusi kama zetu, mwendo wa haraka. Huyo ndiye Saliba. Kina mama aliwazalisha Marani, na siku nyingine gari la misheni lilimpeleka mpaka Kenyenya kuwapima. Alikuwa mkali, lazima niseme. Alimnyang'anya mama mmoja kikombe mbele ya watu kwa sababu alimpa mtoto mchanga chai. Lakini alipokuja kwa magokoro alikaa kwenye kigoda kama sisi, akala chinsaga, uso ukimkunjamana, na akaomba tena. Alisema kwao ni kisiwani, kidogo sana, ukipanda juu ya kanisa unaona bahari pande zote.

"Na shamba mko nayo wapi?" magokoro akamuuliza.

"Katikati ya mawe," nesi akajibu.

Magokoro alimhurumia sana siku hiyo. Alimfungia ndizi aende nazo.

Siku niliyozaliwa, haya niliambiwa, ilinyesha mvua ya mawe. Nesi alikuwa kwetu, kwa sababu mama yangu alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mimi nimekaa vibaya. Ng'ambo ya kijito, jirani yetu naye akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Wakamtuma mtu kumwita nesi. Mtu huyo alifika, lakini nyuma yake kijito kilikuwa kimejaa, na nesi alikuwa ameniingizia mikono. Alipomaliza na mimi, na maji yakapungua, akavuka. Mtoto wa jirani alikuwa ameshaondoka duniani.

Magokoro alisema ni maji. Jirani alisema nesi alichagua. Kwao walikuwa Wasabato na sisi Wakatoliki, na zahanati ilikuwa ya Wakatoliki, kwa hiyo alisema alijua tangu zamani nani angesubirishwa. Mimi siwezi kuamua. Sikuwa na akili ya kushuhudia, nilikuwa nazaliwa. Ninachojua ni kwamba mama yangu alinipa jina la nesi, na watu walinung'unika, maana siku hizo mtoto hakupewa jina la aliye hai, na nesi alikuwa hai tena hakuwa wa ukoo. Magokoro aliwajibu: "Mtoto ameshikwa na mikono ya nani?"

Na jirani hakulitaja jina langu. Nisikudanganye kwamba alinitesa. Nilitumwa kwake kila mara kuomba moto au kupeleka maziwa, naye alinipa hindi la kuchoma, alinitoa miiba miguuni, alinikemea nikipanda mti wake wa mapera. Lakini aliniita "wewe mtoto". Wenzangu aliwaita kwa majina yao, mimi nilikuwa "wewe mtoto". Nikiwa mdogo nilidhani amelisahau, basi nikawa namkumbusha. "Mimi ni Sariba," namwambia mlangoni. Anatazama pembeni. Mara ngapi nilimwambia hivyo, Mungu anisaidie, bila kujua ninamwambia nini.

Shuleni jina likaanza maisha mengine. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alitoka upande wa ziwa, na mdomo wake ulikuwa na L safi. Akaandika ubaoni Saliba. Nikamwambia, mwalimu, ni Sariba.

"Hapana. Ninyi Wakisii mmeila L yote. Hebu sema 'lala'."

"Rara."

"Darasa zima, lala!"

"Rara!" darasa likaitika kwa nguvu, na hakuna aliyecheka ila yeye, kwa sababu hakuna mwingine aliyesikia kosa.

Nadhani hivyo ndivyo L ilivyosafiri. Waliopewa jina na nyanya zao walibaki na R, waliopita mikononi mwa walimu wakapata L. Nimedhani tu. Mama wa ndizi ananiambia shule ya kwanza ya wifi yake ilikuwa na mwalimu kutoka ziwani pia, lakini mtu mmoja hawezi kuwa ushahidi.

Nesi mwenyewe alinirekebisha kila tulipokutana. "Jina lako nani?" ananiuliza, anajua. "Sariba." "Sa-li-ba." "Sa-ri-ba." Tulicheza hivyo mpaka nikawa msichana mkubwa kidogo, ndipo tukasikia amemaliza kazi na anarudi kwao.

Siku ya kumuaga, hii niliiona kwa macho yangu, kina mama walijaa uwanja wa zahanati na kuku, mayai, vikapu. Nikamwona jirani akiingia langoni na kibuyu cha maziwa mala. Watu wakampisha. Alimpa nesi kibuyu, na nesi akakipokea kwa mikono miwili, akainama. Nilikuwa nimesimama katikati yao kama mti. Labda kwa kutafuta la kusema, nesi akanigeukia: "Jina lako nani?"

"Sariba."

Safari hii hakunirekebisha. Aliniwekea mkono kichwani. "Haya basi. Sariba ni lako. Saliba ni langu, naenda nalo."

Je, alimaanisha kitu? Inawezekana alichoka tu na kufundisha. Lakini tukirudi nyumbani, jirani alikuwa mbele yangu kwenye njia ya kijito, na tulipofika majini alisimama akanyoosha mkono anivushe.

"Yule ameenda na lake," akasema kwa Kikisii. "Hili lako sijagombana nalo. Vuka, Sariba."

Kutoka siku hiyo aliniita. Wakati mwingine aliniita bila sababu, nikikimbia nakuta hana la kunituma.

Basi, mkwe alipouliza swali lake, binti yangu alichukua simu huku ananyonyesha, akaanza kunisomea. "Mama, kumbe mko wengi!" Kisiwa kile ni Malta, kati ya Italia na Libya, na huko Saliba ni jina la ukoo. Wapo pia Lebanoni na Siria, wapo Sisilia, na wengine walihamia Australia na Marekani wakaenda nalo. Maana yake ni msalaba. Lugha ya Malta ni ndugu wa Kiarabu, na msalaba kwao ni *salib*. Kuna wanaosema jina lilivuka kutoka Sisilia, kuna wanaosema ni la Wakristo waliozungumza Kiarabu zamani, na mimi sitaamua mambo ambayo waliosoma hawajakubaliana. Lakini nilishtuka. Liangalie neno letu msalaba: S iko, L iko, B iko. Nimeliimba kanisani miaka yote, sikujua ninajiimba.

Jumapili mkwe akaja, na ndizi mbivu, na unga wa wimbi wa uji wa mzazi. Tukaketi. Nikamweleza kisiwa, na Lebanoni, na kwamba hakukosea sana, neno ni la Kiarabu ila waliolibeba walikuwa Wakristo. Nilipofika kwenye msalaba uso wake ukafunguka. "Kumbe! Hiyo ni jina safi." Binti yangu akanikonyeza: mama, ishia hapo.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini aliuliza mambo mawili, jina limetoka wapi na mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani, na nilikuwa nimejibu moja. Nikamweleza mvua ya mawe, na kijito, na aliyesubirishwa. Nikamwambia yale magokoro alisema na yale jirani alisema, yote mawili, bila kuongeza upande wowote.

Akaweka kikombe chini. Akauliza, "Huyo jirani alikuwa Msabato?"

"Alikuwa."

"Na mtoto wake alikuwa amepata jina?"

"Hapana. Hakupata."

Akatikisa kichwa polepole. "Na wewe, alikuita mwishowe?"

"Aliniita."

"Kwa mdomo wake mwenyewe? Alisemaje?"

"Alisema, vuka, Sariba."

Mkwe akajifuta kwa leso, akanyoosha mikono. "Kama yeye aliweza, mimi ni nani nikatae? Leteni huyo Sariba nimshike."

"Mama, ni Saliba," binti yangu akasema. "Ni L. Hata kwa simu iko—"

"Hiyo ya simu ni ya yule nesi. Si mmesikia alienda nayo?"

Sijakuambia kwamba ile Alhamisi, baada ya ndizi, niliteremka mpaka kwenye kijito. Siku hizi kinapita ndani ya bomba chini ya barabara, hata ukiwa na haraka huoni kwamba umevuka. Boma la jirani ni mikaratusi mitupu, wanawe walihama. Jiwe la magokoro la kusagia silijui liliko. Zahanati imejengwa upya kwa matofali, na kijana niliyemkuta mlangoni hakuwahi kusikia kuhusu nesi yeyote mzungu. Nilisimama pale juu ya bomba, nikangoja labda nitakumbuka zaidi, sikukumbuka.

Mjukuu wangu akikua akaulizwa, atajua la kujibu. La L lilitoka Malta, na lina watu wake, na lina maana yake nzuri. La R lilitoka pale Marani, kando ya maji, na aliyelitoa ni mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kuninyima.