Jina la Mjomba Kitabuni

Yule mwandishi wa habari Mwingereza alikuwa na vitabu vitatu, kila kimoja na vita yake. Palipoungua yeye alipata tuzo. Nadhani magoti yalianza kumchosha, maana kitabu cha nne aliamua kukitafuta kwa wakimbizi wa Minnesota, ambako hatari kubwa ni barafu ya kwenye ngazi.

Mchungaji wetu ndiye aliyemleta nyumbani kwetu Brooklyn Center, kando ya Minneapolis. Mimi nikawa mkalimani, kwa malipo ya kupigwapigwa bega.

Mama alimlisha kwanza ugali na sombe, kisamvu cha kwetu. Kisha akasimulia tulivyokimbia Kongo, na jinsi mdogo wake, mjomba wangu, alivyopotelea njiani. Hakupenda kuyasema hayo. Alikubali kwa sababu moja tu: kule kambini redio ilikuwa ikisoma majina ya waliopotezana, na wengine walipatikana. Kitabu cha Mzungu, aliwaza, kitafika mbali kuliko redio. Akanitaka nimtajie mgeni jina la mjomba herufi kwa herufi. Mgeni akaliandika vizuri, hata akalipigia mstari.

Kitabu kilitoka miaka miwili baadaye. Humo mama alilia kuanzia ukurasa wa kwanza, ingawa siku ile hakutoa hata chozi moja. Mwandishi hodari hangoji machozi, huyatia mwenyewe. Na mjomba alipewa jina lingine, fupi, lisilomchosha msomaji. Mbele kabisa iliandikwa kwamba majina yote yamebadilishwa kwa usalama wetu. Mama aliponiuliza jina liko ukurasa gani, ilibidi nimwambie ukweli.

Mwingereza alipokuja kukisoma katika duka la vitabu Minneapolis, mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, tukaenda. Wakati wa maswali akasimama. Mwandishi akaja kumkumbatia, watu wakapiga makofi.

"Umuulize hivi," mama akaniambia. "Mutu alisha kupotea. Sasa ye anamuficha ili nani asimuone?"

Niliwatazama wale watu. Wote walikuwa wakitabasamu, wengine machozi yakiwalenga.

"Mama anashukuru sana," nikatafsiri.

Makofi yakarudi. Mwingereza akaweka mkono kifuani, akainama. Naona aibu hadi leo, na siwezi kumtupia yeye aibu hiyo.

Mama akanivuta mkono wa koti.

"Anajibu nini?"