Sifuri ya Ng'ambo

Milton Irigaray alifungua blogu yake Jumapili, tarehe 14 Machi 2004, na tangu hapo hajaruka Jumapili hata moja. Anayebisha anaweza kuhesabu mwenyewe, maana Milton hafuti alichoandika. Aliandika akiwa hospitalini, ametoka kupasuliwa nyongo. Aliandika Jumapili aliyomzika mama yake, ingawa siku hiyo ilikuwa aya moja tu, tena ya kulalamika kwamba printa ya watu wa mazishi ilidai wino wa rangi ndipo ikubali kuchapa maandishi meusi.

Ana miaka hamsini na saba. Anatengeneza kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Puerto Cevallos, upande wa Uruguay wa mto. Ng'ambo ni Argentina. Wasomaji wake mia mbili na ushei ni watu wa mji huo huo, na wanamsoma kwa sababu anajua kukasirika. Hukasirikia programu inayojibadilisha yenyewe asubuhi mtu akiwa kazini, kisha inamwomba aipe nyota tano. Hukasirikia magazeti ya mtandaoni ambayo kichwa cha habari kinauliza swali na habari yenyewe hailijibu. Ana maoni kuhusu bei ya gesi Uholanzi na kuhusu chaguzi za nchi ambazo hajazikanyaga. Lakini katika hayo yote ana kanuni moja aliyoirudia hadi wateja wake wanaikariri: takwimu isiyosema imetoka wapi ni uvumi uliovaa suti.

Mwezi wa Septemba aliivunja kanuni hiyo mwenyewe. Litoral Ya, tovuti ya habari yenye ofisi mji mkuu, ilitoa programu ya simu iliyokuwa na ukurasa wa mto: urefu wa maji, mji kwa mji, kila saa. Milton aliandika kwamba baada ya miaka mingi ya porojo, Montevideo hatimaye imetuma kitu cha maana. Hakuishia hapo. Alipita mitaa ya chini, nyumba kwa nyumba, akawawekea watu programu hiyo kwenye simu zao bila malipo.

Mitaa ya chini watu wanaishi kwa nambari. Kila nyumba ina yake. Mto ukifika nambari hiyo kwenye nguzo ya vipimo iliyopo bandarini, nyumba hiyo inahama, na jirani mwenye nambari kubwa zaidi anaendelea na chakula chake. Nambari ya Bi Elida Bentancor, fundi cherehani mstaafu wa miaka sabini na tisa, ni kumi na mbili na sitini. Kwenye mita kumi na mbili na sentimita sitini maji huziba kona ya mtaa wake na hakuna gurudumu linalopita tena. Kwa hiyo nguzo ikisoma kumi na mbili na ishirini, Bi Elida hupigia simu manispaa kuomba lori. Alikuwa amehama namna hiyo mara tisa maishani, na hakuwa amewahi kupoteza hata kijiko.

Jumanne moja ya Oktoba, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo, Milton alimkuta Hebert Cuadro dukani saa mbili asubuhi. Hebert ndiye anayesoma nguzo ya bandari na kupeleka nambari redioni.

"Kumi na mbili na ishirini na tano," Hebert alikuwa akimwambia mwenye duka.

"Kumi na moja na hamsini na tano," Milton alimsahihisha, simu mkononi.

Hebert aligeuka. "Nani kasema?"

"Hii hapa. Imesomwa saa mbili kamili."

"Mimi nimesoma saa mbili kasorobo, na viatu vyangu hivi vinachuruzika bado. Hiyo yako imelowa wapi?"

"Labda umekosea mstari, Hebert. Mvua hii, na miwani yako…"

"Sikiliza, daktari wa printa. Nguzo ile nimeisoma miaka thelathini na moja. Twende ukanionyeshe nilipokosea."

Walikwenda, na hapakuwa na la kuonyesha. Maji yalikuwa yameshaupita mstari wa kumi na mbili na robo na yalikuwa yakipanda. Hebert alipiga hesabu ya tofauti kwa vidole, akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Sentimita sabini. Hiyo ni nguzo ya Villa Urdaneta, ng'ambo. Wenzetu sifuri yao imepigwa juu kuliko yetu, kwa hiyo maji yale yale wao huyasoma sabini pungufu. Mtu wako wa Montevideo amechukua nambari ya Waargentina akaibandika jina letu."

Hakuna mtu Puerto Cevallos asiyejua kwamba nguzo mbili hizo hazilingani. Milton alilijua hilo tangu ana suruali fupi. Ila hakuwa ameuliza nambari za programu zinatoka nguzo ipi.

Aliporudi nyumbani alifanya jambo ambalo mtu wa kazi yake hulifanya bila kufikiri: alikwenda kurekebisha kosa pale lilipoanzia. Nambari ikirekebishwa Montevideo, alijiambia, itarekebishika kwenye simu zote kwa mpigo. Alijaza fomu ya malalamiko. Fomu ilimjibu papo hapo, "Asante kwa kutusaidia kuwa bora!" na haikujibu tena. Aliandika barua pepe tatu. Mwishowe, kwenye ukurasa wa watu wanaotaka kutangaza biashara, alipata nambari ya simu inayopokelewa na binadamu. Baada ya kuhamishwa hamishwa alipewa mhariri wa zamu, kijana aliyejitambulisha kwa jina la Agustín.

"Ukurasa wenu wa mto unaonyesha nambari ya ng'ambo kwa jina la mji wetu," Milton alimwambia.

"Takwimu zinaingia zenyewe, bwana. Sisi hatuzigusi."

"Ndilo ninalolalamikia. Zinaingia kutoka wapi?"

"Kwa kampuni inayotuuzia."

"Na sifuri yao iko wapi?"

"Sifuri si ni sifuri?"

"Sifuri ya nguzo, kijana! Pale hesabu inapoanzia. Kila nguzo ina yake."

"Nitawafikishia watu wa mitambo. Wana kikao Alhamisi."

"Alhamisi watu huku watakuwa juu ya meza!"

"Tafadhali usinipandishie sauti, bwana. Leo habari za dunia zimetulemea."

Milton aliifungua tovuti yao huku bado amemshika kijana huyo kwenye simu. Juu kabisa palikuwa na mkutano wa marais, wakiwa wamepangwa kwa picha. Chini yake talaka ya mwimbaji, simu mpya yenye kamera nne, na maelezo ya namna ya kutambua kama paka wako amekuchoka. Mto ulikuwa habari ya saba. Watu hawa waliweza kumweleza mkazi wa Puerto Cevallos rais gani alikwepa mkono wa rais gani, upande wa pili wa dunia, na hawakuweza kumweleza maji yamefika wapi mitaa minne kutoka kitandani kwake. Alikata simu, akatoka kwenda mitaa ya chini.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Hasira yake ilikuwa ya haki kabisa, na ilikuwa imekula karibu saa tatu.

Bi Elida alikuwa jikoni, akikaanga maandazi ambayo mji mzima hukaanga mvua ikinyesha.

"Futa miguu, mwanangu. Chukua la moto."

"Bi Elida, umeita lori?"

"Lori la nini?" Alielekeza mwiko kwenye simu iliyoegemezwa kopo la sukari. "Kumi na moja na sabini na tano. Ikifika kumi na mbili na ishirini nitaita."

"Hiyo nambari si yetu. Ni ya ng'ambo."

"Imeandikwa Puerto Cevallos."

"Wamekosea."

"Wamekosea akina nani? Wewe ndiye uliyeniwekea. Ulikaa kiti hicho hicho, ukala maandazi manne, ukaniambia, 'Bi Elida, sasa huna haja ya kungoja redio wala Hebert, hii haivai miwani.' Redio nikaizima. Leo unaniambia ni kipofu?"

"Nilikosea."

"Sema kwa sauti, mafuta yanapiga kelele."

"Nilikosea, Bi Elida! Nilikosea mimi!"

Alizima jiko. Hakuwa amemwamini bado. Mwanamke aliyehama mara tisa kwa nambari hahami mara ya kumi kwa sababu jirani amekuja ametoa macho. Alivaa buti za marehemu mumewe, akamshika Milton mkono, wakaenda bandarini. Alisogea hadi maji yakagusa buti. Akaisoma nguzo kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye bahasha ya mahakama.

"Kumi na mbili na arobaini na nane." Kisha akasema, "Na mimi nakaanga maandazi."

Manispaa walimwambia kuna watu arobaini mbele yake na lori lingefika kwake saa kumi na moja jioni. Kona ingezibwa saa saba na kitu. Hebert, bila kuombwa, alileta mkokoteni wa farasi ambao shemeji yake hubebea matofali. Milton alikimbia kuwaambia wengine aliowawekea programu ile. Alipata nyumba sita zikingoja nambari ambayo ilikuwa imeshapita. Aliporudi, cherehani, godoro, friji na masanduku ya karatasi yalikuwa yamekwishapanda mwinuko katika safari mbili. Lilibaki kabati.

Kabati hilo mume wa Bi Elida alilichonga kwa mkono mwaka wao wa kwanza wa ndoa, kwa mbao nzito za lapacho, na halipiti mlangoni bila kufunguliwa vipande. Katika mara zote tisa lilikuwa likifunguliwa kwa utulivu, skrubu zikiwekwa kwenye soksi. Safari hii walipata muda wa kufungua mlango mmoja tu wa kabati. Farasi, akirudi kulichukua, alifika kona, maji yakamfika tumboni, akasimama. Hebert alimbembeleza, akamtukana, akambembeleza tena. Farasi aligeuza kichwa kuelekea mwinuko, na kwa hilo kazi ya siku ikawa imekwisha.

"Acheni," Bi Elida alisema. "Msimzamishe mnyama wa watu kwa ajili ya mbao."

Jumatano jioni maji yaliingia ndani hadi usawa wa dirisha.

Hakuna aliyekufa wala kuumia, na pengine jambo lingeishia hapo, kila mtu na hasara yake. Lakini Alhamisi, baada ya kikao, watu wa mitambo wa Litoral Ya walirekebisha nambari. Hawakusema wamerekebisha. Saa nne asubuhi nambari iliruka sentimita sabini kwa dakika moja, na programu, ambayo hufanya inavyotumwa, ikapeleka tahadhari kwa nchi nzima: "Mto wapanda ghafla Puerto Cevallos!" Mto wakati huo ulikuwa umetulia kabisa, Hebert aliusoma mara mbili kuhakikisha. Jioni ikafuata makala. Kichwa chake kilikuwa "Wakaidi wa Mto." Ilisema kuna wakazi waliopuuza tahadhari zilizotolewa kila saa, hadi ikabidi waokolewe kwa mkokoteni. Picha ilimwonyesha Bi Elida juu ya mkokoteni, amekumbatia cherehani, na chini yake palikuwa na jina lake kamili na umri wake.

Aliisoma akiwa ukumbi wa michezo wa shule, walikolazwa waliohama. Alimpa Milton simu, akangoja amalize.

"Mkaidi," alisema. "Mara tisa, Milton. Mara tisa nimehama kabla sijaambiwa. Kuna wanaume humu ndani wametolewa kwa kamba, nawajua kwa majina, na mkaidi ni mimi?"

"Nitawapigia sasa hivi."

"Utawapigia, utapiga kelele, watakwambia usipandishe sauti. Mto kuchukua kabati langu, sina ugomvi nao, ndiyo kazi yake. Lakini jina langu hawa wamelichukua kwa ruhusa ya nani?"

Agustín, alipopatikana, alisema makala ilikuwa imesomwa sana na kuiondoa haikuwa uamuzi wake. Mama huyo, alisema, alikaribishwa kuacha maoni chini ya habari, kama msomaji mwingine yeyote.

Jumapili Milton aliandika. Alianza na kosa lake: kwamba aliisifu programu ambayo hakuuliza nambari zake zinatoka wapi, na kwamba siku ya Jumanne alitumia saa tatu kugombana na Montevideo badala ya kutembea mita mia nne. Alizitaja nyumba saba, kila moja kwa nambari yake. Kisha akapanga safu mbili: upande mmoja alivyosoma Hebert kwenye daftari lake, saa kwa saa, upande wa pili ilivyosema programu. Hakuongeza matusi, na wasomaji wake waliozoea matusi walimwuliza kama anaumwa.

Bi Elida hakuridhika na blogu. Waliomchafulia jina, alisema, hawasomi blogu ya Milton. Sheria ya magazeti inampa aliyesemwa vibaya haki ya kujibu mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule, na gazeti likikataa jaji ndiye anayeamuru. Alimsomea Milton jibu lake akiwa amekaa kwenye godoro: mistari tisa, na hakukubali abadilishe hata neno moja. Litoral Ya hawakujibu ombi lake la kulichapisha, naye akafungua shauri. Shauri limepangwa kusikilizwa Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, katika mahakama ya mji mkuu wa jimbo. Bi Elida atakwenda na basi la saa kumi na mbili pamoja na Milton, na Hebert atakuja na daftari.