Senene wa Bi Mwanabaraka

Ukitaka kumjua Bi Mwanabaraka binti Shomari usimwulize mwenyewe, maana atakudanganya, wala si kwa ubaya, ni kwa mazoea tu. Mwulize mtu yeyote wa Temeke ya siku zile, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatutawala: nyumba ya yule mama mwenye sauti iko wapi? Ungepelekwa moja kwa moja mpaka barazani pake.

Nyumba aliijenga mwenyewe. Mume wa kwanza alimwacha, wa pili yeye ndiye aliyemwacha, na katikati ya waume hao wawili alichoma vitumbua mpaka vidole vyake vikawa havisikii moto. Viwanja vilipogawiwa Temeke, wanaume wengi walikuwa bado wanabishana nani ataweza kuishi kule porini na fisi, na Mwanabaraka alikuwa amekwisha simamisha nguzo. Boriti alizichagua mwenyewe, fito alizikagua moja moja, na fundi aliyejaribu kumchomekea mti mbovu pembeni alifukuzwa mbele ya watu. Siku ya kukandika aliwaita majirani kwa wali na mchuzi wa papa, kisha akajifunga kibwebwe akaingia udongoni kukanyaga pamoja nao. Alikuwa hawezi kukaa kitako huku nyumba yake inajengwa na watu wengine.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyo zote, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko, choo na mpapai mmoja mkaidi usiozaa. Kuta za ndani hazikufika kwenye paa, kwa hiyo akikohoa mtu wa chumba cha mbele, wa nyuma alimpa pole. Ukigombana na mkeo usiku, asubuhi ulikuta uani wamekwisha kuamua nani mwenye makosa. Wapo wasioweza maisha ya namna hiyo. Hao Mwanabaraka aliwaambia waende wakapange makaburini, kule hakuna anayekohoa.

Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na udhuru. Zamu ya kufagia ni zamu. Anayemaliza maji mtungini ndiye anayekwenda bombani. Ukitokea msiba mtaani, hata wa mtu usiyemjua jina, wanawake wote wa nyumba wanakwenda kupika. Na sahani ya jirani hairudi tupu. Umeletewa mihogo ya nazi, sahani unairudisha na chochote ulicho nacho, hata embe moja, hata chumvi. Ukiirudisha imeoshwa inang'aa na haina kitu, basi umesema hutaki ujirani.

Sasa ule uongo wake. Alipenda kusema, "Sie tuliozaliwa mjini." Alijiita mtoto wa mtaa wa Gerezani, na aliyasema hayo kwa raha kiasi kwamba hata wazee waliozaliwa Gerezani kweli walianza kukumbuka utoto wake. Lakini Mwanabaraka alizaliwa kijijini, mbele ya Maneromango, na mjini aliingia kwa miguu, ameshika upindo wa kanga ya mama yake, mwaka wa nzige. Walishuka wakala mtama, wakala mahindi, wakamaliza na majani ya mihogo. Mama yake aliwakusanya wale nzige kwa ungo, akawakaanga kwenye kigae, akasema, "Wamekula vyetu, na sie tuwale wao." Waliwala mpaka nao wakaisha. Mdogo wake wa kiume alifia njiani.

Walifikia kwa shangazi, Ilala, na mama mtu naye hakukawia kumfuata yule mtoto. Ilala watoto wa mtaa walipojua habari ya nzige wakampa Mwanabaraka jina: Mla Nzige. Walimwimbia akienda bombani, wakamwimbia akirudi. Alipigana, akalia, akapigana tena. Alipoolewa aliliacha jina lile huko huko, na shangazi alipofariki akaamini limezikwa naye. Aliona haya, haya ya kweli iliyomkaa mwilini, na hakuna kitu duniani alichokiogopa kama kulisikia tena jina lile, hasa sasa, chini ya paa lake mwenyewe.

Basi chumba cha pili kushoto kilipangwa na Revelian, karani wa bandarini, mtu wa Bukoba, mpole, anayepiga pasi kaptula yake mpaka unaweza kujikata nayo. Mkewe Demetria alikuwa amekuja kwa meli na gari moshi, hamjui mtu mjini isipokuwa mumewe, na sasa alikuwa na mimba kubwa. Mwanabaraka alimpenda. Alimfundisha kukaa kwenye mbuzi na kukuna nazi, alimfundisha kumkatalia mwuza samaki, na alikwisha mwambia asiogope siku yake ya kujifungua, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na wanawake. Na Demetria alizishika sheria zote, ya sahani kuliko zote.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Kila jioni Mwanabaraka alipakua futari akapeleka sahani kila chumba, hata kwa Wakristo. "Mfungo si wenu," alisema, "lakini njaa ni ya watu wote." Demetria alizirudisha zile sahani na ndizi, na maharage, na mara moja na kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Siku moja mgeni kutoka Bukoba aliacha furushi lililofungwa kwa majani ya mgomba. Jioni ile ile, futari imekwisha, Demetria alileta sahani imefunikwa kawa, akaipokeza kwa mikono miwili, akapiga goti kwa shida na tumbo lake, akaenda zake bila kusema neno.

Mwanabaraka alifunua kawa.

Walikuwa wadudu mfano wa nzige, wamenyofolewa mbawa na miguu, wamekaangwa kwa chumvi mpaka wakawa wekundu. Sahani ilikuwa imejaa. Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza, na ilikuwa ile ile ya kwenye kigae cha mama yake. Akakaa kitandani.

Hapa lazima mjue kwamba mwanamke wa pwani hatukanwi kwa mdomo tu. Hutukanwa kwa kanga iliyovaliwa makusudi, kwa ufagio ulioachwa mlangoni, kwa kilichomo sahanini. Mwanabaraka mwenyewe alikuwa bingwa. Aliwahi kumpelekea jirani mgomvi bakuli zima la ndimu, na mtaa mzima ulielewa. Kwa hiyo alipoiona sahani ile hakujiuliza maana yake. Aliisoma pale pale: Mla Nzige. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Kilichomsumbua ni nani aliyemwambia Demetria, na kwa hilo nalo alipata jibu upesi. Mpangaji wa chumba cha nyuma, Chausiku, alikulia Ilala kwa mama yake. Na ulimi wa Chausiku haukuwa na mlango.

Hakuitupa sahani, maana chakula hakitupwi, tena Ramadhani. Aliifunika akaisukuma uvunguni. Asubuhi alimkuta Demetria anafagia uani.

"Demetria, mwezi ukiisha nitakitaka chumba changu."

Ufagio ulisimama. "Nimekosa nini, mama?"

"Chumba ni changu."

"Ndiyo, mama. Lakini nimekosa nini?"

Mwanabaraka aliingia ndani. Kosa angelisemaje? Kulitaja ni kulifufua jina lile kwa kinywa chake mwenyewe. Kutwa ile alikuwa mkali na kila kitu. Alimkunjia uso paka, alimrudisha mwuza mkaa, na alipojaribu kujiambia kwamba ana haki, alimwona yule binti anavyopiga goti na tumbo lake. Hilo lilimuuma, na kwa kuwa lilimuuma alizidi kukasirika. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Alasiri Revelian alirudi kutoka kazini, akaambiwa, na hata kofia hakuvua. Alikuja uani na mkewe nyuma yake. Chausiku alikuwa anatwanga. Mchi uliendelea, lakini taratibu, wa mtu anayesikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimesikia tuhame. Nyumba ni yako, siwezi kubisha. Ila sitaki kuondoka na kosa nisilolijua. Kama ni mie, niambie. Kama ni mke wangu, niambie."

"Mwulize mkeo alichoniwekea sahanini," alisema Mwanabaraka, akamtupia jicho Chausiku, "na umwulize nani aliyemtuma."

Revelian alimgeukia Demetria wakasemezana Kihaya, maneno machache. Watu walimwona karani yule anabadilika uso, wala si kwa hasira ya mtu aliyefukuzwa. Alionekana kama mtu aliyeibiwa.

"Senene?" alisema, sasa kwa Kiswahili, kila mtu asikie. "Wale walioletwa jana? Wote?"

"Wote," alisema Demetria.

"Hukunibakizia hata wa kuonja?"

"Sikukubakizia."

Mchi ulinyamaza kabisa. Revelian alivua kofia. "Mama, tangu nitoke kwetu sijatia senene mdomoni. Mama yangu mzazi amewakusanya alfajiri kwenye umande, amewakaanga, wamepita ziwa na reli, na mie nilikuwa nimejiandaa kuwala leo jioni. Kama amekutukana wewe, basi mie amenifanyaje?"

Chausiku alicheka, akajiziba mdomo. Lakini Mwanabaraka hakucheka. Alikuwa anamtazama Demetria.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama." Demetria alisema polepole, akitafuta Kiswahili chake. "Kwetu senene si chakula cha mtu yeyote tu. Sie wanawake tunawakamata, tunawanyofoa, tunawakaanga, lakini hatuli. Mie sijawahi kula, na mama yangu hajawahi kula mpaka kafa. Anapewa aliyejenga. Baba wa nyumba, ndiye anapelekewa, mwanamke anapiga goti anampa. Sasa hapa nikatazama. Mume wangu hakujenga. Mzee Salumu wa chumba cha mbele hakujenga. Aliyejenga ni wewe. Nikaona sina ruhusa ya kumpa mtu mwingine."

Machozi yalimtoka Mwanabaraka, naye hakuyafuta, akaingia ndani.

Watu wa uani hawakujua la kufanya. Revelian alisimama na kofia yake mkononi. Chausiku alimketisha Demetria kwenye kibao, akampa maji. Walikaa hivyo mpaka jua likaanza kuzama na kila mmoja akakumbuka jiko lake.

Maghrib ilipokaribia, Mwanabaraka alitoka. Alikuwa amenawa uso na kuvaa kanga safi. Alitandika mkeka katikati ya uani kwa mikono yake, akaweka maji, tende na uji, na katikati ya vyote akaiweka ile sahani. Akawaita wote, wanaofunga na wasiofunga. Adhana ilipolia alisoma dua, akanywa funda la maji, akala tende moja kama ilivyo desturi. Kisha akachota senene watatu wanne akawatia kinywani.

Alitafuna.

"Mie si mtoto wa Gerezani," alisema. "Mie ni mtoto wa kule mbele ya Maneromango. Nimekuja mjini kwa miguu mwaka wa nzige, na nzige nimewala, mie na mama yangu na mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa anaitwa Nassibu. Wengine mliokulia Ilala mlikuwa mnanijua kwa jina la kebehi. Anayetaka kuniita, na aniite leo, mie nipo."

Alimtazama Chausiku usoni. Chausiku alijisogeza mkekani, akanyoosha mkono, akachota.

"Shoga, nipishe," alisema. "Kwani unadhani mwaka ule sie wa Ilala tulikuwa tunakula pilau? Tulikuwa tunakuimba wewe ili wasituimbe sie."

Mzee Salumu alisema kwamba hawa wadudu ni halali, hata kuchinjwa hawachinjwi, na kwa ushahidi akachota mara mbili. Revelian alijongea mpaka ukingo wa mkeka, akaitazama sahani inavyopungua kwa uchungu ulioonekana.

Lakini Mwanabaraka alikuwa hajamaliza. Aliivuta sahani kwake, akajaza kiganja, akamgeukia Demetria.

"Fungua mkono."

Demetria alifungua, kisha akaona alichopewa, akataka kurudisha. "Mama, sie hatuli."

"Nimesikia. Anakula aliyejenga, na yeye ndiye anayegawa, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi mie nimegawa. Kula."

Demetria aligeuka kumtazama mumewe.

"Huyo usimtazame," alisema Bi Mwanabaraka. "Hapa mtazame aliyejenga."

Demetria akamtazama yeye, akapeleka mkono kinywani. Alitafuna kwanza kwa woga, macho kayafumba. Kisha akafumbua macho, akanyoosha mkono kwenye sahani akachota mwenyewe, bila kungoja kupewa.