Draiva Aliyoichagua Mkubwa

Kadi ilifika Kisumu imeviringishwa kwenye sweta. Mtu fulani aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka ng'ambo ndiye aliyembebea kaka yangu mkubwa anayeishi huko, na mimi nikaenda kuichukua kwake Milimani, kwenye ua wenye mbwa wawili ambao hawakunipenda hata kidogo. Ilikuwa kadi ya michoro, kile kipande kinachoipa kompyuta nguvu ya kuchora picha kwenye skrini. Vijana ninaowafundisha chuoni wanazitamani kadi kama hizo kwa ajili ya michezo. Hii yetu ilinunuliwa kwa ajili ya macho ya baba.

Baba ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na ana presha ya macho. Daktari alitueleza waziwazi kwamba dawa inaweza kuchelewesha mambo, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Miaka miwili mitatu iliyopita vitabu vilimshinda. Likafuata gazeti, kisha simu. Nikamuunganishia kompyuta yake kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, nikaweka ukurasa mweusi na herufi nyeupe, kila herufi kubwa kama kiganja, maana ni hivyo tu alivyoweza kusoma; vitu vingine vyote alishaviona kama kivuli. Shida ni kwamba kompyuta ilikuwa ya zamani. Kila aliposogeza maneno yalikwama, yakakatika katikati, na baba, ambaye hajawahi kuwa na subira hata siku moja, aliitukana kwa Dholuo safi, lugha yetu ya nyumbani. Bila kusoma, baba yangu si baba yangu. Mama alifariki zamani, sisi wawili tuna maisha yetu, naye maandishi tu, nyeusi juu ya nyeupe au nyeupe juu ya nyeusi, ndiyo yaliyombakia.

Basi Jumamosi moja nikatoka kwangu Nyamasaria nikaenda nyumbani, upande wa Sondu, na bisibisi mfukoni. Kuichomeka kadi ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi. Bila draiva inayofaa, kadi ni pambo tu.

Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, kaka yangu yuko upande wa pili. Yeye ni injinia wa mitandao, mimi ni mwalimu wa kompyuta, na tukiwa pamoja hatujawahi kukubaliana hata namna ya kuchemsha chai. Draiva iliyokuja na mfumo wenyewe ilifanya kazi, ila kwa uvivu, maneno bado yalikwama. Kwa hiyo tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuichukua draiva kwenye ghala la mfumo, ile ambayo imekwisha kujaribiwa na watu wengi. Hiyo huwa imechelewa miezi kadhaa nyuma ya mpya, lakini mfumo ukijibadilisha, nayo inajibadilisha nao, hakuna mtu anayeitwa. Ya pili ni kuipakua kwenye tovuti ya watengenezaji, mpya kabisa, na kuiweka kwa mkono. Hiyo ina kasi zaidi, lakini kila mara kiini cha mfumo kinapobadilika, ni lazima mtu aje aiweke upya.

"Hiyo mpya wamerekebisha mambo ya skrini kubwa," kaka alisema. "Weka hiyo, nyamera." Ndivyo anavyoniita, dada yangu.

"Na siku mfumo ukijiupdate na mimi niko kazini?"

"Nitaingia kwa mbali niirudishe. Mimi nitaiangalia kutoka huku."

"Kutoka huko utaiangalia na nini, darubini?"

Alicheka, lakini hakubadilisha msimamo. Nami sikubadilisha. Nilimwambia kwamba mzee hahitaji draiva ya mbio, anahitaji itakayokuwepo Jumanne asubuhi wakati hakuna mtu nyumbani. Akasema ninafikiri kama mtu wa vyeti. Nikamwambia neno ambalo sitaliandika hapa. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, anasikiliza watoto wake wakigombea macho yake.

"Kadi imetoka kwa nani?" akauliza.

"Kwa mkubwa."

"Basi. Mkubwa amesema."

Ili mtu aelewe kwa nini nilinyamaza, ni lazima ajue kwetu mambo huenda kwa zamu. Mvua ikinyesha, mbegu haziingii ardhini mpaka baba aanze, kisha mtoto wa kiume wa kwanza, ndipo wengine wafuate. Anayeruka zamu anatafuta chira, ule mkosi unaomkausha mtu taratibu huku hospitali haioni kitu. Kaka alipohamia ng'ambo, zamu yake haikufutwa. Nimeshuhudia kwa macho yangu simu ikiwekwa juu ya jiwe ukingoni mwa shamba, kaka yangu akisema kutoka kwenye baridi yake, "Haya, anzeni," na baba akipiga jembe kwa niaba yake, uso mkavu kabisa kama kwamba jambo hilo ni la kawaida. Mimi binti sina nafasi kwenye mstari huo. Kazi ninayo.

Sisemi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Imetulinda na magomvi mengi ambayo nimeyaona yakisambaratisha nyumba za watu. Lakini ilianzishwa kwa ajili ya mahindi na mtama, na sisi, bila kujua, tulikuwa tumeipandisha hadi kwenye kompyuta. Nikaipakua ile ya watengenezaji, nikaiweka kwa mkono, nikawasha upya.

Na ilipendeza, lazima niseme ukweli. Maneno yaliteleza kwenye ile televisheni bila kukwama hata kidogo. Baba alifungua gazeti, akasoma kwa sauti habari ya maji ya ziwa kupanda, na alipofika aya ya tatu akaanza kumsahihisha mwandishi kuhusu mto upi unaingia wapi. Aliniuliza ni nani aliyewafundisha watu hawa. Nilikwenda jikoni nikajifanya ninatafuta sukari, kwa sababu nilikuwa ninalia kwa furaha na sikutaka anione. Kisha nikakumbuka kwamba hata ningelia mbele yake asingeona, nikalia zaidi.

Baada ya hapo chuoni tukaingia kwenye mitihani, na mwezi ule sikwenda nyumbani. Tulizungumza kwa simu. Kila nilipouliza, alijibu, "Niko sawa tu, nyara," yaani binti yangu. Mwanzoni alinieleza aliyoyasoma na waliyoyaandika wapumbavu. Kisha akaacha. Aliniuliza habari za mvua huku mjini, za wanafunzi, kama ninakula vizuri. Nilifikiri amekuwa mpole kwa sababu ya umri, na nikafurahi kwamba hatimaye tunazungumza kama watu wengine. Kaka naye aliniambia mara moja kwamba amejaribu kuingia kwenye kompyuta na haipatikani. Tukakubaliana kwamba lazima ni bando limeisha. Kwa mara moja maishani tukakubaliana, na ilikuwa juu ya jambo lisilo kweli.

Mitihani ilipokwisha nikaenda. Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti kilekile, anasikiliza redio. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mama wa jirani anayekuja kumpikia mchana aliniambia kwamba mzee amesema tuhifadhi tokeni za stima, umeme wa kulipia kabla, na yeye akaona ni busara ya kizee tu.

Nikaiwasha televisheni, nikaiwasha kompyuta.

"Usijisumbue," baba akasema.

"Nataka nione kama inafanya kazi vizuri."

"Inafanya. Iko on sasa hivi, si ndiyo? Naisikia feni." "Ni mimi sioni. Herufi zilienda, nyara. Siku moja tu, asubuhi. Nilikaa hapa nikabonyeza, nikabonyeza. Zote zimeenda."

Nilitazama skrini. Ilikuwa nyeusi yote, nyeusi ileile ya ukurasa wake. Ila juu kabisa, kwenye pembe ya kushoto, kulikuwa na kistari cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kinapepesa. Kompyuta ilikuwa hai na haikuwa na namna ya kuchora kitu. Mfumo ulikuwa umejibadilisha wenyewe kama nilivyosema utafanya, stima ikapotea na kurudi, kompyuta ikaamka na kiini kipya, na draiva yetu nzuri ya mkono haikuamka nayo. Mtu mwenye macho angekiona kile kistari na kusema mashine imeharibika. Baba hakukiona. Alikaa mbele ya ukurasa mweusi usio na herufi, akafikiria jambo moja tu ambalo alikuwa akilisubiri.

Niliingiwa na hasira ambayo hata leo sijui nimwelekezee nani. Hasira kwa kaka na darubini yake, kwa zamu zetu, kwa mimi niliyenyamaza huku ninajua. Na zaidi ya yote kwa mzee huyu aliyekaa wiki nzima, na nyingine, na nyingine, akijua amepofuka, na kila jioni akiniambia niko sawa tu.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe una mitihani. Mkubwa alikuwa amenunua kadi. Nimwambie mtoto kadi yake imefika ikiwa imechelewa?"

Nikaketi sakafuni na kibodi mapajani. Niliiondoa draiva ya watengenezaji, nikaunganisha simu yangu ili nipate mtandao, nikaichukua ile ya ghala, iliyozeeka miezi kadhaa, isiyo na sifa yoyote ila moja: haihitaji mtu. Ilichukua muda, mvua ikaanza kupiga mabati, baba akapunguza sauti ya redio ili asikie ninachofanya.

"Umemwuliza kaka yako?"

"Hapana."

Nilingoja anikumbushe zamu. Sikuwa na jibu la kiungwana, nilikuwa na lile lisiloandikika. Badala yake nilisikia kiti chake kikilia alipoegemea mbele.

Nikawasha upya. Skrini ikabaki nyeusi kitambo, kisha ukurasa wa gazeti ukafunguka kama ulivyoachwa kabla ya asubuhi ile, herufi kubwa kama viganja.

Baba hakusoma. Aliinua mkono akauweka mbele ya uso wake, akaushusha, akauinua tena.

"Kumbe si mimi," alisema.

Alirudia mara nyingi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayewaambia wengine walio chumbani. Kumbe si mimi. Kisha akacheka, kisha akakasirika sana, akauliza ni mashine gani hii inayomfanya mtu mzima ajizike mwenyewe, akaitukana mpaka nikaanza kucheka nami, na katikati ya matusi akasimama ghafla akasoma kichwa cha habari kwa sauti, kwa makusudi, neno kwa neno, akihakikisha.

Nilimpigia kaka. Sikumfokea, ingawa nilikuwa nimepanga maneno tangu nilipokuwa sakafuni. Nilimweleza tu baba alivyofikiri.

"Weka yako," akasema. "Weka ile yako, nyamera."

"Nimeshaweka."

"Sawa. Na baba, yuko wapi?"

"Anasoma."

Akaomba nisikate simu, niiweke tu karibu na mzee. Nikaiweka juu ya mkono wa kiti. Baba hakujua kama mwanawe yuko hewani. Aliendelea kusoma kwa sauti bei za samaki na habari za barabara, na huko ng'ambo mtu akasikiliza.

Mvua ilipopungua nilitoka kwa mlango wa jikoni kwenda chooni, nyuma ya nyumba. Nikagusa kitu kwa paja. Kamba ya katani, mpya, ilikuwa imefungwa kwenye mwimo wa mlango, ikanyooka ukingoni mwa kijia, ikazungushwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo, ikafika hadi kwenye komeo la choo. Mahali penye kidato palifungwa fundo. Mahali penye jiwe, mafundo mawili. Kazi nadhifu, ya mwalimu. Alikuwa ameifunga peke yake, na pale chini ya nguzo udongo ulikuwa umekanyagwa sana, kwa hiyo alikuwa pia amefanya mazoezi ya kuifuata bila macho.

Nilirudi mlangoni nikaanza kuifungua. Kamba ilikuwa imelowa na fundo lilikuwa gumu, nikatumia meno. Sikumsikia akija. Aliusimamisha mkono wangu kwa mkono wake.

"Iache, nyara," alisema. "Leo si mimi. Iache tu."